Bunduki Tatu Zilizoegemeana: Taarikhi ya Kiwanda cha BSA

Soko la Muthetheni, lililoko katika nchi ya Mwala, mashariki ya mji wa Machakos, halijapata kuwa na kiwanda cha pikipiki, wala hakuna mzee wa huko atakayedai kwamba mashine hizo zilizaliwa Ukambani. Na hata hivyo, kama kuna chombo kinachoyabeba maisha ya soko hilo tangu alfajiri hadi usiku, kikipeleka mahindi kwenye kinu, watoto shuleni na wagonjwa hospitalini, chombo hicho ni pikipiki. Vijana wanaongojea abiria stendini huitambua Boxer, TVS au Honda kwa mlio wake kabla haijatokeza, na mafundi wao huifungua injini chini ya mti wakairudisha mahali pake pasipo kitabu cha kuwaongoza. Elimu hiyo ni adhimu, nami naitukuza; lakini imekosa nasaba, kwa maana wanaoishika kwa mikono hawajasimuliwa ilikotoka, ni nani waliotangulia, na kwa nini mashine wanazozipanda leo zinatoka kwa makampuni ya India na Japani, ilhali babu zao, walipoona pikipiki kwa mara ya kwanza, waliona zaidi zile za Waingereza.

Ndiyo sababu nimekusudia kuiandika taarikhi ya nyumba moja ya ufundi, Birmingham Small Arms, ambayo dunia nzima iliifupisha ikaiita BSA. Nimeichagua hii miongoni mwa nyingi kwa kuwa katika zama zake ilikuwa kubwa kupita zote, na kwa kuwa wale wanaokusanya pikipiki kongwe, ambao hata hapa Kenya wapo na wanaongezeka, hawawezi kwenda mbali katika hobi yao bila kukutana na alama yake ya bunduki tatu zilizosimamishwa zikiegemeana. Aidha kuna neno lisemwalo sana mintarafu ya kifo chake, kwamba iliuawa na Wajapani, nami nimekuja kuamini kwamba neno hilo ni nusu ya kweli: Wajapani waliingia kwa mlango ambao BSA yenyewe iliuacha wazi, mlango wa pikipiki ndogo ya mtu wa kawaida, ambayo kiwanda hicho kilipata kuitengeneza vizuri kuliko wengi, kisha kikaidharau.

Asili ya BSA haikuwa pikipiki, bali silaha. Mji wa Birmingham, katikati ya Uingereza, ulikuwa na mtaa mzima wa mafundi wa bunduki, kila mmoja akiwa na karakana yake ndogo na sehemu yake ya kazi: huyu anatengeneza mtutu, yule kufuli, yule mwingine kitako cha mti, hata bunduki moja ikawa imepita katika mikono mingi kabla ya kuwa bunduki. Mwenyeji wa Muthetheni anayewajua wachongaji wa Wamunyu, jirani zetu, jinsi mmoja anavyokata gogo, mwingine akachonga umbo na mwingine akapiga msasa, hatapata taabu kuufahamu mpango huo. Vita vya Crimea vilivyoanza mwaka 1853 vilionyesha upungufu wake, kwa kuwa jeshi lilihitaji silaha nyingi kwa haraka, na serikali ikaweka mashine za mtindo wa Kimarekani katika kiwanda chake cha Enfield, mashine zilizoweza kutoa vipande vilivyolingana kiasi kwamba kipande cha bunduki hii huingia katika ile bila kupigwa tupa. Mafundi wa Birmingham waliona kwamba wasipoungana watafutika, na mwaka 1861 kumi na wanne kati yao wakaanzisha kampuni, wakanunua shamba la ekari 25 mahali paitwapo Small Heath, wakajenga kiwanda kikubwa cha mraba kilichokamilika mwaka 1863.

Msomaji asiipite habari hiyo ya vipande vinavyolingana kama jambo dogo, kwa sababu ndiyo mzizi wa kila kitu kilichofuata. Kijana wa Muthetheni anapokwenda dukani akataja aina ya pikipiki yake, akapewa pistoni iliyotengenezwa maelfu ya maili mbali, nayo ikaingia katika silinda bila ubishi, anafaidi fikra ileile iliyowatoa mafundi wa bunduki katika vibanda vyao. BSA ilijifunza usahihi wa vipimo kwa ajili ya vita, kisha ikauhamishia kwenye vitu vya amani.

Na iliuhamisha kwa kulazimika, si kwa hiari. Biashara ya silaha ina misimu kama mvua zetu, na mvua ikikatika ukame wake ni mkali: mwaka 1879 maagizo yalikauka hata kiwanda kikafungwa kwa muda wa mwaka mzima. Kilipofunguliwa, mnamo 1880, alifika mtu mmoja kwa jina Otto akiwa na chombo cha ajabu chenye magurudumu mawili makubwa yaliyokaa ubavu kwa ubavu, na dereva katikati yake. Wakuu wa kampuni wakakipenda, wakakubali kukitengeneza. Chombo chenyewe hakikuishi, lakini kilifungua njia ya baiskeli za kawaida, na ijapokuwa kampuni iliziacha kwa miaka kadhaa jeshi lilipohitaji tena bunduki, ilizirudia kwa kutengeneza habu na vipande vingine ambavyo viwanda vingi vya baiskeli vilivinunua, na mwaka 1907 ikakinunua kiwanda cha Eadie cha mji wa Redditch kilichosifika kwa kazi hiyohiyo. Jina la BSA lilitangulia kufika katika makoloni juu ya baiskeli, na ndipo watu wengi walipoziona kwanza zile bunduki tatu.

Kuhusu pikipiki walichelewa, na kuchelewa huko kulikuwa hekima. Royal Enfield walianza mwaka 1901, Triumph 1902, na BSA ilijaribu mwaka 1903 kwa kufunga injini ya Minerva ya Ubelgiji katika fremu nzito ya baiskeli, isitangaze jambo kubwa. Iliwaacha wengine wajikwae kwanza, na mwaka 1910, katika maonyesho ya Olympia mjini London, ikaleta pikipiki yake yenyewe, ya nguvu za farasi tatu na nusu, yenye mkanda wa kuzungusha gurudumu na tangi lililopakwa rangi ya kijani na ya maziwa. Zote zilizokusudiwa kwa msimu uliofuata zikauzwa. Wanaozikusanya leo huzithamini si kwa kuwa zilikuwa za kasi, maana hazikuwa, bali kwa kuwa ziliwaka asubuhi. Na asiyepata kuachwa njiani na mashine jioni ya mvua, ugenini, hajui thamani ya sifa hiyo.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya 1914. Kiwanda cha Small Heath kilitoa bunduki za Lee-Enfield milioni moja na nusu na bunduki za rashasha za Lewis 145,000, na pembeni ya mto huo wa silaha kikaendelea kuunda pikipiki, baadhi yake zikiwa na mnyororo mahali pa mkanda, kwa kuwa mkanda ukilowa matope huteleza. Vita hivyo viligusa Ukambani kwa namna ambayo wazee waliisimulia mpaka kufa kwao. Mwaka 1916, jeshi la Jenerali Smuts lilipoingia Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa njia ya Kilimanjaro likimfuata jemadari wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck, lilikuwa na kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini. Lakini mvua, matope na mchanga viliyashinda magurudumu, mbung'o wakawaua farasi na ng'ombe, na mzigo wote wa vita ukaangukia vichwa vya wapagazi. Wakamba walikuwemo kwa maelfu, wakichukuliwa kwa nguvu wengi wao, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa nchi hizi wakafa kwa njaa na maradhi zaidi kuliko kwa risasi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni ukumbusho wao. Katika taarikhi yoyote ya mashine inayoandikwa na mtu wa Machakos, ni haki jambo hili litajwe: pale mashine iliposhindwa, mwanadamu ndiye aliyewekwa badala yake.

Baada ya vita BSA ilikuwa na majengo makubwa, mashine nyingi na wafanyakazi wengi, na haja ya kuvitumia vyote. Ilitaka kujipatia fahari katika mashindano ya kisiwa cha Man mwaka 1921, ikapeleka pikipiki zilizoandaliwa kwa siri na kwa gharama, na hata moja haikumaliza. Fedheha hiyo iliwafanya wakuu wauache mchezo wa mashindano rasmi kwa miaka mingi, wakageukia kazi waliyoijua zaidi, na matunda yakaonekana mwaka 1924 ilipotoka pikipiki ya cc 249 yenye tangi la mviringo kama pipa dogo, nyepesi na ya bei nafuu, ambayo makarani, mafundi, wachungaji na watarishi wa posta walimudu kuinunua au kuitumia. Mkusanyaji anayeanza huvutiwa sana na mashine za mbio. Mimi ningemshauri aitazame kwanza hii ya tangi la mviringo, kwa sababu ndani yake mna siri ya ukuu wa BSA, nayo ni kumheshimu mnunuzi mwenye kipato kidogo.

Miaka ya thelathini ilileta dhiki ya uchumi, kisha mhandisi Val Page, ambaye mwaka 1937 alipanga upya familia nzima ya pikipiki za silinda moja. Mwezi Juni mwaka huohuo dereva Wal Handley aliizunguka njia ya mbio ya Brooklands kwa zaidi ya maili mia moja kwa saa, akapewa beji ya nyota ya dhahabu iliyokuwa desturi kwa wanaotimiza kasi hiyo, na kutokana na beji hiyo likazaliwa jina la Gold Star, ambalo hata leo likitajwa mbele ya wakusanyaji huwatoa machozi wengine na fedha wengi wao. Lakini katika familia ileile alikuwemo ndugu mnyonge, M20, wa cc 496, mwenye vali za ubavuni na nguvu za farasi 13, mzito na mpole. Jeshi lilipoijaribu mara ya kwanza halikuridhika nayo. Vita vya pili vilipofika, ndiyo iliyoitwa.

Takriban M20 126,000 zilitolewa kwa ajili ya vita, na hakuna pikipiki ya BSA ninayoiona kuwa na haki zaidi ya kukumbukwa hapa kwetu kuliko hiyo. Vijana wa Kiafrika walioandikwa katika King's African Rifles, na Wakamba wakiwa wengi sana miongoni mwao, walikwenda Abisinia mwaka 1941, kisha Madagaska, kisha Burma, na pikipiki za aina hii zilikuwa chombo cha kawaida cha tarishi wa jeshi la Uingereza katika nyanja za vita, zikibeba barua baina ya kambi na kambi. Mashine yenyewe ilifaa kazi hiyo kwa unyenyekevu wa ufundi wake: ilivumilia petroli mbaya, haikuhitaji kasi, na fundi mwenye spana chache aliweza kuifungua kando ya barabara. Japani ilipoiteka Malaya mapema mwaka 1942 na mpira ukawa adimu, viwanda viliacha kuweka mpira kwenye vishikio na vikanyagio, vikatumia turubai na chuma kitupu. Kwa hiyo mkusanyaji anayepata M20 isiyo na mpira mahali hapo asiharakishe kuuweka, kwani huenda anafuta ushahidi wa mwaka ilipozaliwa.

Kiwanda nacho kilionja vita. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 ndege za Kijerumani ziliiangushia Small Heath mabomu, jengo likaporomoka juu ya wafanyakazi wa zamu ya usiku, wakafa watu 53 na wengine 89 wakajeruhiwa. Walikuwa wakitengeneza mitutu ya bunduki. Kazi ilisambazwa katika viwanda vidogo vilivyotawanyika nchini, na hapo kampuni ikawa imerudi, kwa njia ya huzuni, kwenye mtindo wa karakana nyingi ulioizaa.

Nimefika sasa kwenye mashine ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Huko Zschopau, katika Saksonia ya Ujerumani, kampuni ya DKW ilikuwa imetengeneza mwaka 1939 pikipiki ndogo iitwayo RT 125, kazi ya mhandisi Hermann Weber, yenye injini isiyo na vali, ambayo mafuta yake ya kulainisha humiminwa pamoja na petroli. Vita vilipokwisha, michoro yake ilichukuliwa na washindi kama sehemu ya fidia. Warusi waliihamishia Moscow na Minsk, Harley-Davidson wa Marekani wakaitumia kwa pikipiki yao nyepesi, na BSA wakaichukua michoro hiyo wakaigeuza upande wa kulia kuwa kushoto na wa kushoto kuwa kulia, kama kivuli katika kioo, ili gia ikae mguu wa kulia, ilivyokuwa desturi ya Waingereza. Wakaipa jina Bantam, yaani jogoo wa kuku wadogo, wakamchora jogoo huyo kwenye tangi, na mwaka 1948 wakaiuza kwa pauni 60 kabla ya kodi.

Ilikuwa mashine ya kupendeza. Injini yake ilikuwa ya cc 123 na nguvu za farasi nne na nusu, gia tatu, uzito wa kilo sabini hivi, na rangi yake ya kwanza ilikuwa kijani hafifu kama ukungu wa asubuhi katika vilima vya Iveti. Mtu mmoja aliweza kuinyanyua gurudumu la nyuma kwa mkono. Watarishi wa posta ya Uingereza walipewa maelfu yake, wakulima wakaendea malishoni, wauguzi wakaendea wazazi, na katika miaka zaidi ya ishirini iliyotengenezwa, zilitoka zaidi ya 350,000. Linganisha na pikipiki zinazopanda leo kutoka Muthetheni kwenda Masii au Mwala: silinda moja ndogo, uzito wa kuchukulika, bei ya kukopeka, ufundi wa kufunguliwa chini ya mti. Hesabu ya bodaboda ilikwisha kuandikwa Small Heath mwaka 1948, miaka mingi kabla vijana wa Busia hawajaanza kuvusha abiria mpakani kwa baiskeli, na miaka sitini kamili kabla ya serikali ya Kenya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizozidi cc 250, mwaka 2008, hata barabara zetu za vumbi zikajaa.

Kuna mwana mwingine wa michoro ileile ambaye kisa chake hakina budi kuelezwa. Huko Japani, kampuni iliyokuwa ikitengeneza vinanda iliichukua RT 125 kuwa kielelezo, na mwaka 1955 ikatoa pikipiki yake ya kwanza kabisa, nyekundu na nyembamba, ambayo watu waliiita kereng'ende. Kampuni hiyo ni Yamaha. Wasomaji wenye umri watakumbuka Yamaha zilizokuwa zikiendeshwa na maafisa wa kilimo na wa mifugo katika vijiji vyetu, na wengi walizistahi wasijue kwamba zina udugu wa damu na Bantam. Nyumba mbili zilirithi shamba moja kwa wakati mmoja. Moja ililima kila mwaka, nyingine ikaridhika na mavuno ya kwanza.

Kwa maana mwaka 1951 BSA iliinunua Triumph, baada ya kuzinunua Sunbeam, New Hudson na Ariel katika miaka ya vita, ikawa mtengenezaji mkubwa wa pikipiki kuliko wote duniani, na matangazo yake yalijigamba kwamba katika kila pikipiki nne moja ni BSA. Majivuno hayo hayakuwa uongo, lakini yalileta ghururi. Mwenyekiti Sir Bernard Docker na mkewe walijulikana zaidi kwa magari ya Daimler yaliyopambwa dhahabu kuliko kwa kazi ya kiwanda, hata wakurugenzi wakamtoa mwaka 1956. Biashara ya baiskeli, iliyolifikisha jina la BSA vijijini kabla ya kitu kingine chochote, iliuzwa kwa Raleigh mwaka 1957. Gold Star ya cc 499, hasa ile iitwayo DBD34, ilishinda mashindano hata ikachosha, nayo kwa hakika ni miongoni mwa vitu vizuri kabisa vilivyopata kutengenezwa na mikono ya watu. Lakini uzuri huo uliwapumbaza wakuu wakadhani kwamba utukufu wa kampuni umo katika mashine za kasi na za bei, ambazo Wamarekani walizinunua kwa pupa.

Bantam ikaachwa. Iliongezwa ukubwa wa injini mara moja na mara ya pili, ikawekewa springi za nyuma zilizo bora kidogo, na gia ya nne ikaipata katikati ya miaka ya sitini tu, miaka kumi na minane hivi baada ya kuzaliwa kwake. Walipojaribu kuunda mashine nyingine ndogo waliifanya kwa mkono wa kushoto: Dandy ya cc 70 ilikuwa na gia zenye matatizo, na Beagle ya cc 75, iliyotoka mwaka 1963, haikutimiza miaka mitatu. Mwaka 1958 Honda walikwisha kuleta Super Cub yao, ambayo haikumwaga mafuta, haikumchafua mwendeshaji nguo, na ambayo mwanamke aliyevaa sketi aliweza kuipanda kwa heshima. Mkuu wa pikipiki wa BSA, Edward Turner, mbunifu wa kipawa kikubwa, alikwenda Japani mwaka 1960 akaviona viwanda vyao kwa macho yake, akarudi na ripoti yenye onyo la wazi juu ya wingi wa mashine zao na ubora wa mitambo yao. Onyo halikukosekana. Kilichokosekana ni nia ya kutumia fedha, wakati faida ilipokuwa bado nene, kununua mitambo mipya. Baadhi ya mitambo iliyokuwa Small Heath ilikuwa imefanya kazi tangu zama za vita.

Faraja ya waliokuwa tayari kujidanganya ilikuwa hii, kwamba Wajapani wakiwafundisha vijana kupanda pikipiki ndogo, vijana hao wakikua watakuja kununua kubwa za Kiingereza. Mwaka 1968 BSA ikatoa Rocket 3 ya silinda tatu, mashine ya nguvu na ya haiba; mwaka uliofuata Honda wakaleta ya silinda nne, yenye breki ya diski mbele na ya kuwashwa kwa kubonyeza kitufe, na ile faraja ikatoweka. Fedha nyingi zilimwagwa katika kituo cha uchunguzi kilichowekwa ndani ya jumba la kifahari mashambani, na katika Ariel 3, chombo cha magurudumu matatu cha mwaka 1970 ambacho hakuna aliyekiomba. Mwaka 1971 Bantam ya mwisho ikatoka, hasara ikafumka, na mwaka 1973 kampuni ikamezwa na muungano wa Norton Villiers Triumph. Wafanyakazi wa Triumph huko Meriden walikikalia kiwanda chao wakakataa kifungwe; Small Heath haikupata wokovu wa namna hiyo, na baada ya miaka michache ya kusitasita milango ilifungwa na sehemu kubwa ya majengo ya 1863 ikabomolewa.

Jina halikufa. Chama cha wenye BSA, kilichoanzishwa mwaka 1958 kampuni ikiwa bado hai, kina matawi katika nchi nyingi, na mwaka 2016 kampuni ya Classic Legends, iliyo chini ya Mahindra wa India, iliinunua haki ya jina hilo, na mwezi Desemba 2021 ikaonyesha mjini Birmingham Gold Star mpya ya cc 652. Hapa Nairobi, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, maonyesho ya Concours d'Elegance yaliyoanza mwaka 1970 chini ya chama cha wenye magari ya Alfa Romeo hukutanisha kila mwaka magari na pikipiki, na kongwe za Kiingereza husimama zikiwa zimesuguliwa mpaka zikang'aa kama vioo, mahakimu wakipita na vitambaa vyeupe kutafuta vumbi. Ni sherehe njema. Natamani tu kwamba siku moja miongoni mwa washindani awemo fundi wa Mwala, kwa sababu elimu ya kuifungua Bantam anayo tayari. Anachohitaji ni kuzijua tofauti chache.

Tofauti ya kwanza ni spana. Nati za BSA za zama hizo hazifuati milimita bali vipimo vya Kiingereza vya Whitworth na vya nyuzi za baiskeli, na anayelazimisha spana namba kumi na tatu huishia kuila nati kingo zake. Ya pili ni miguu: gia iko kulia na breki ya nyuma kushoto, kinyume cha Boxer, na aliyezoea bodaboda akisahau hilo kwenye mteremko anaweza kuumia. Ya tatu ni mafuta. Bantam hunywa petroli iliyochanganywa na oili, na anayeitilia petroli tupu huiua injini kwa safari moja. Kabureta ni Amal kwa kawaida, na vipuri vyake bado vinatengenezwa hadi leo, jambo ambalo wenye pikipiki nyingi za miaka ya karibuni hawawezi kujivunia.

Lakini zaidi ya hayo yote ni namba. Fremu ina yake na injini ina yake. M20 za jeshi hutanguliwa na herufi WM20, Bantam za mwanzo na YD1, na kutokana na namba hizo vyama vya wapenzi wa Uingereza, vyenye nakala za daftari za kiwanda zilizosalia, huweza kumweleza mwenye mashine ni mwaka gani ilitoka, na mara nyingine ilipelekwa nchi gani. Pikipiki iliyolala ghalani Ukambani, chini ya magunia na kinyesi cha popo, inaweza kwa njia hiyo kujulikana kama ilikuja na jeshi au ilikuja na mfanyabiashara. Kwa hiyo anayeipata asianze kwa kupaka rangi. Atafute kwanza upande wa kushoto wa injini, chini ya silinda, apasafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini, asiguse kwa tupa wala kwa msasa, kisha anakili kila herufi na kila tarakimu kama alivyoiona.